Mnunuzi wa umeme wa Omo ni sisi, basi tuseme neno

Ndugu Mhariri,

Tangu Ethiopia izindue rasmi bwawa lake kubwa la mto Abay, yaani Nile ya Buluu, Septemba 2025, barua za wasomaji kuhusu Nile hazikatiki. Kuna wanaoipongeza Ethiopia, kuna wanaoitetea Misri, na kuna wanaouliza Mkenya wa kawaida ana haja gani na mzozo wa watu walio mbali naye. Mimi ni mchuuzi wa samaki na barafu hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na haja ninayo. Ila yangu haiko Nile. Iko kwenye mto mwingine wa Ethiopia hiyohiyo, mto Omo, ambao hauendi Sudan wala Misri. Omo unamwaga maji yake Ziwa Turkana, na ziwa hilo karibu lote liko Kenya. Juu ya mto huo limejengwa bwawa la Gibe III. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya Ethiopia, gridi hiyo inatuuzia sisi, nasi tunalipa kila tunapoingiza tokeni kwenye mita.

Nieleze kazi yangu kidogo, maana bila hiyo msomaji atashangaa mtu wa kisiwani anatafuta nini kwenye ziwa la jangwani. Nanunua changu, tafi, kolekole na nguru kwa wavuvi wa Kizingitini, Ndau na Kiwayu, na hao hao ndio ninaowauzia barafu kabla hawajatweka. Mvuvi aliyebeba barafu ya kutosha anarudi na samaki mwenye jicho angavu, na bei anaitaja yeye. Aliyekosa barafu anashusha mzigo akiwa na haraka, na anachukua chochote atakachopewa. Nimeiona tofauti hiyo gatini tangu ujana wangu. Wakati ule stima ya Lamu ilitoka kwenye jenereta za dizeli, ikija na kupotea, na tonge la barafu lilikuwa ghali kuliko samaki wengine. Laini kubwa ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ilipotufikia, biashara ya barafu ilibadilika kabisa. Leo friza zangu zinategemea gridi ya taifa.

Na gridi hiyo, tangu Novemba 2022, inapokea umeme wa Ethiopia. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka huo ni wa miaka 25: megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha ziongezeke hadi 400, kwa bei ya senti sita na nusu za dola kwa kila uniti. Umeme unasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayita Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, huku kwetu Kenya. Wolayita Sodo ndiko umeme wa Gibe III unakopokelewa unapotoka bwawani. Kwa hiyo barafu ninayompimia mvuvi wa Kizingitini ina sehemu iliyogandishwa kwa nguvu za Omo, na mimi ni mmoja wa wateja wa mto huo.

Hilo halinifanyi niwe adui wa mabwawa. Mtu aliyevuta moshi wa jenereta miaka mingi hawezi kumwambia jirani asijenge. Waethiopia walilijenga bwawa lao la Abay, la megawati 5,150, kwa fedha zao wenyewe, walimu na askari na wafanyakazi wa serikali wakinunua dhamana, kwa sababu mamilioni ya watu wao walikuwa gizani. Nawaheshimu kwa hilo. Ninachosema kinaihusu Kenya, nchi yangu, na namna ilivyosimama kwenye habari ya Omo tangu siku ya kwanza.

Itazameni Misri. Maji mengi ya Nile yanayofika kwake hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Kwa makubaliano ya 1959 iliyoandikiana na Sudan peke yao, Misri ilijitengea mita za ujazo bilioni 55.5 kila mwaka, bila kuziuliza nchi za juu ya mto. Dhuluma hiyo sitaitetea. Kabla ya hapo kulikuwa na ile hati ya 1929 ambayo Uingereza iliifunga kwa niaba ya makoloni yake, na Tanganyika ya Nyerere mwaka 1962 ikatamka wazi kwamba haitafungwa nayo. Lakini Ethiopia ilipoanza kujenga mwaka 2011, Misri haikunyamaza. Ilikwenda Khartoum mwaka 2015, ikaenda Washington, ikaenda Umoja wa Afrika, ikidai iandikwe kisheria bwawa litajazwa vipi na litaachia maji kiasi gani miaka ya ukame. Mkataba iliouomba haikuupata. Lakini kila mtu duniani anajua Misri inataka nini.

Kenya ilitaka nini kwa Ziwa Turkana? Gibe III ilipoanza kujengwa mwaka 2006, serikali yetu ilikwishaandikiana na Ethiopia makubaliano ya awali ya kununua umeme. Tulianza kuuliza bei ya uniti kabla ya kuuliza hali ya ziwa. Bunge letu lilijaribu: Agosti 2011 lilipitisha hoja ya kutaka ujenzi usimamishwe hadi athari zichunguzwe na watu huru. UNESCO nayo ilitaka vivyo hivyo mwaka huo. Ukuta uliendelea kupanda hadi ukafika mita 243, maji yakaanza kujazwa Januari 2015, na bwawa la megawati 1,870 likazinduliwa Desemba 2016.

Sasa niwaeleze ziwa lenyewe, kwa sababu ndilo ambalo wengi wa pwani hawalijui. Turkana ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani, na halina mlango wa kutokea. Maji yanaingia, na kuondoka ni kwa jua na upepo tu. Karibu asilimia 90 ya maji hayo yanaletwa na Omo. Kerio na Turkwel ni mito midogo kwa kulinganisha, na Turkwel yenyewe tuliiziba sisi, kwa bwawa letu la 1991. Kila mwaka mvua za nyanda za juu za Ethiopia zilikuwa zikiufurisha Omo, na mafuriko yale yalibeba rutuba hadi ziwani. Samaki walikuwa wakiyangoja ndipo wasogee kwenye maji mapya ya kina kifupi, kwenye majani, wakatage. Huko juu, upande wa Ethiopia, Wadaasanach, Wanyangatom na Wamursi walikuwa wakiyangoja pia, yakishuka wapande mtama kwenye tope lililobaki. Bwawa la umeme kazi yake ni kuyakata mafuriko hayo na kuyagawa sawasawa mwaka mzima, ili mitambo izunguke masika na kiangazi. Kinachozungusha mitambo vizuri ndicho kinachowavuruga samaki. Ethiopia iliahidi kuyafungulia maji kwa muda mfupi kila mwaka yawe badala ya mafuriko. Hiyo ni ahadi ya mwenye bwawa. Mkulima wa mtama na mvuvi hawana karatasi ya kumshika nayo.

Mkwe wangu ni muuguzi, na alipopelekwa kazi Lodwar nilikwenda kumwona binti yangu na mjukuu. Ilikuwa 2017. Akanichukua hadi Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kwa kuwa alijua baba mkwe wake hawezi kufika karibu na maji yenye samaki asiyaone. Jambo la kwanza nililoonyeshwa ni jengo la kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakikudumu. Kuendesha mitambo ya baridi kwenye joto la jangwa kuligharimu mno, na maji safi yalikuwa haba. Nilisimama pale muda mrefu. Kwa mtu wa barafu, hakuna kitu cha huzuni kama chumba cha baridi kisicho na baridi.

Kisha tukashuka Ghuba ya Ferguson. Wazee walinionyesha kwa fimbo maji yalipokuwa yakifika kabla ya bwawa kuanza kujazwa, na yalipokuwa siku ile. Katika miaka miwili tu ziwa lilikuwa limeshuka kama mita moja na nusu. Kwetu Lamu mita moja na nusu ni kupwa kwa saa chache, na bahari inarudi. Kwenye ghuba ile yenye kina kifupi, mita moja na nusu ni mwendo mrefu wa tope kavu, na penye tope ndipo palipokuwa mazalio ya ngege. Walinieleza kwamba sangara na ngege sasa wanafuatwa mbali, kwenye maji makali, kwa mitumbwi isiyofaa kwa upepo ule. Ziwa lile lina upepo wa kutisha. Hata nahodha wa kusi angeuheshimu.

Nikawatazama akina mama. Samaki wote waliokuwa pale wamepasuliwa, wametiwa chumvi, wametandazwa juani. Lori linakuja kutoka mbali, mwenye lori anataja bei, na bei ndiyo hiyo. Hakuna anayeweza kumwambia ningoje hadi kesho. Hawakuwa na barafu, kwa sababu hawakuwa na stima. Lodwar yenyewe wakati ule iliwashwa kwa jenereta za dizeli kama Lamu ya zamani. Na laini ya umeme wa Ethiopia haikupita Turkana. Imeshuka upande wa pili wa ziwa, ikavuka Marsabit na Samburu kuelekea Suswa, iwashe taa zetu sisi wengine. Watu wa ukingoni mwa ziwa wametoa maji yao na samaki wao, umeme ukapita kando, na mimi niliye Lamu, mbali kuliko wote, ndiye ninayegandishia barafu. Jambo hili limenikaa moyoni tangu siku ile, na ndilo linaloniandikisha barua hii.

Najua nitajibiwa kwamba ziwa lilipanda tena. Ni kweli. Mvua za 2019 na 2020 zililijaza hadi likameza nyumba na barabara, na mkwe wangu alinitumia picha za miti iliyosimama majini. Kuna waliozishika picha kama hizo na kusema hofu yote ya bwawa ilikuwa uzushi. Lakini kuwa na ziwa lililojaa si sawa na kuwa na mto unaofurika kwa wakati wake. Ziwa lile lilikuwa likipanda na kushuka tangu enzi, likifuata mvua, na wavuvi wake wamezoea. Ambacho hawajazoea ni mafuriko ya kila mwaka kuamuliwa ofisini, nchi nyingine, na mtu ambaye hawamjui na hana sababu ya kuwapigia simu. Miaka ya mvua nyingi inaficha jambo hilo. Miaka ya ukame italifichua, hasa kwa kuwa chini ya Gibe III linajengwa bwawa jingine kubwa, Koysha, na bondeni yamelimwa mashamba ya miwa yanayonyweshwa na Omo huohuo. Maji ya mitambo angalau yanateremka. Yanayokwenda shambani hayarudi mtoni yote. UNESCO iliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2018, ziwa likiwa bado chini, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni mabwawa na mipango hiyo ya juu ya mto. Sisi ambao mji wetu umo kwenye urithi wa dunia tangu 2001 tunapaswa kuisikia habari hiyo kama ya ndugu.

Tena sisi wa Lamu hatuna udhuru wa kutoelewa. Bandari ilipochimbwa, mikoko ikakatwa na mkondo ukafukuliwa, wavuvi wetu walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wafidiwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Mwaka uliofuata baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulikuwa na mahali pa kwenda kushtaki, kwa kuwa aliyechimba alikuwa kwetu. Mvuvi wa Kalokol aliyefanyiwa jambo na nchi jirani anakwenda wapi? Kundi la Friends of Lake Turkana lilikwenda mahali pekee palipobaki: liliishtaki serikali yetu sisi, kama mnunuzi. Mei 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nairobi ilikubali kwamba wananchi wa ziwani walinyimwa haki ya kupata habari, ikaamuru serikali iweke wazi mambo yote ya makubaliano ya kununua umeme huo. Hukumu hiyo ilitolewa miaka minane kabla ya kalamu kushikwa kwenye mkataba wa 2022. Ilikuwa imeshawaonyesha viongozi wetu mahali pa kushika.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kwenye biashara ya samaki, mnunuzi ana nguvu kuliko anavyodhani. Juya, ule wavu wa kukokotwa, lilipigwa marufuku Kenya tangu 2001, kwa sababu linakokota vifaranga na nyasi zote za bahari, lakini marufuku ya karatasi haikulimaliza. Pale wanunuzi wa gati moja walipokubaliana hawachukui samaki wa juya, lilitoweka pale haraka kuliko lilivyotoweka kwa askari. Kenya haiwezi kuiamuru Ethiopia. Haina jeshi la kutishia wala mkataba wa kikoloni wa kupeperusha, na vyema kwamba haina. Lakini Kenya ni mteja wa miaka 25 anayelipa kwa dola. Ethiopia iliyojenga mabwawa haya inahitaji wanunuzi wa umeme wa kudumu, na sisi ni miongoni mwa wakubwa. Neno letu lingesikika kama lingesemwa wakati wa kupatana bei.

Na wakati bado upo. Ile miaka mitatu ya megawati 200, ukihesabu tangu Novemba 2022, imekwisha, na hatua inayofuata kwenye mkataba ni kuongeza hadi 400. Kila megawati ya nyongeza ifungwe na sharti la maji: Omo ufunguliwe kila mwaka, kwa muda na kwa kipimo kitakachojulikana, majira ambayo wavuvi wa Kalokol, Todonyang na Loiyangalani na wakulima wa bondeni wamekubali kwamba yanawafaa samaki na mtama. Pawepo kipimo cha maji mtoni karibu na mdomo wa ziwa, kinachosomwa na nchi zote mbili na kutangazwa redioni kwa Kiturkana, kama tunavyotangaziwa sisi habari za upepo. Na senti kidogo ya kila uniti tunayonunua ibaki ziwani, iwajengee mitambo ya barafu wale akina mama wanaotandaza samaki juani. Mimi niko tayari kulipa zaidi kwa tokeni kwa sababu hiyo, na nimewauliza wenzangu wa Langoni wenye friza. Wengi wamesema nao wako tayari, ingawa mmoja alisema tulipie kwanza yetu yanayopotea kila stima inapokatika. Namwelewa.

Kuna jambo moja ambalo Ethiopia inaweza kutujibu nalo, na ni haki yake. Itatuuliza Tana je? Ukoo wa mama yangu ni wa Kipini, na nimeijua delta tangu utotoni. Tuliujengea Tana mabwawa matano ya umeme, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, kuanzia miaka ya 1960 hadi 1988. Watu wa Ozi, kijiji cha delta hiyo, walilima mpunga uliotegemea mto kufurika na bahari kurudishwa nyuma na maji matamu. Sasa mto ukipungua bahari inapanda, chumvi inaingia mashambani, na mpunga na miembe inakufa. Halafu mvua kubwa zikinyesha kama za 2018 na 2023, mabwawa yanajaa hadi yanafurika, na maji yaliyozuiliwa yanawashukia watu wa Garsen kwa ghafla, usiku, wakati ambao hakuna aliyepanda kitu. Delta imekosa mafuriko iliyoyahitaji na imepata yasiyohitajika. Na bado tunasikia habari za bwawa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, kwenye mto huohuo. Sharti tutakaloiwekea Ethiopia kwa Omo tujiwekee na sisi kwa Tana, kwa maneno yaleyale, tena tuanze na Tana, kwa kuwa huko hatuhitaji idhini ya mtu.

Naomba basi Wizara ya Kawi inijibu kwenye ukurasa huu. Katika mkataba wa 2022, kuna kifungu kinachotaja maji ya Omo au Ziwa Turkana? Kama kipo, kichapishwe kwa Kiswahili tukisome. Kama hakipo, kiandikwe kabla ya kutiwa sahihi nyongeza yoyote juu ya zile megawati 200, na wavuvi wa ziwani wawepo mezani siku kinapoandikwa.

Wako,
Mchuuzi wa samaki na barafu,
Langoni, Lamu